Bega si paja: niliyojifunza kwenye bucha la kitimoto Kimara

Karatasi niliyopewa asubuhi ile ilikuwa na mistari mitano, na mstari wa kwanza ndio ulioniponza. "Boston butt, kilo 12." Nilikuwa msaidizi wa stoo kwenye hoteli moja upande wa Masaki, hapa Dar es Salaam, na mnunuzi wa nyama alikuwa ameacha kazi wiki hiyo hiyo bila kukabidhi kitu. Nikaambiwa, dada, nenda wewe. Kiingereza cha shule kilinitosha kujua kwamba "butt" ni makalio, na Boston niliijua kuwa ni mji wa Marekani. Nikaunganisha mwenyewe: makalio ya nguruwe, wanavyokula watu wa Boston.

Nikaenda Kimara kwa muuza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, tuliyekuwa tukinunua kwake, mzee wa Kichaga ambaye mtaa mzima unamwita Mangi. Hakuwa na haraka. Aliniuliza, "Unataka paja, mama?" Nikamjibu, "Ndiyo Mangi, paja, lile la nyuma kabisa, na unitolee mfupa." Akanichagulia mapaja mawili mazuri, mekundu, ngozi imekwanguliwa vizuri, akayatoa mfupa na kuyakata mapande makubwa. Nikalipa, nikapakia kwenye bajaji, nikarudi nikiwa na amani kabisa.

Shefu wetu, Mmarekani wa North Carolina, alikuwa mapumziko siku hiyo. Mpishi wa zamu ya usiku akafuata maelekezo aliyoachiwa: paka viungo, ingiza kwenye oveni kwa moto mdogo, iache mpaka alfajiri. Asubuhi Shefu akaja na uma mbili kuichambua ile nyama. Kwao, hasa mji wa Lexington na upande wote wa magharibi wa jimbo lile, nyama hii huiva taratibu kwa saa nyingi mpaka inachambuka yenyewe kuwa nyuzi laini, kisha hutiwa mchuzi wa siki. Yetu haikuchambuka. Ilivunjika mapande makavu kama makopa. Wageni arobaini walikuwa wanaisubiri saa saba mchana.

Hakunigombeza. Aliniita, akaweka kiganja juu ya bega lake, karibu na shingo, akasema, "Hapa." Kisha akapiga paja lake, akatikisa kichwa. Basi. Mchana ule wageni walikula kuku. Hasara ilikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili, na miezi hiyo miwili ndiyo iliyonifanya nirudi kwa Mangi kama mwanafunzi.

Nilimkuta akiwa na nusu ya nguruwe kwenye kulabu. Nikamweleza yote. Akasikitika kweli, akasema, "Mama, ungeniambia unakwenda kupika nini, nisingekupa paja." Kisha akashika kisu kile chembamba cha kutolea mfupa na kunionyesha mwili wa mnyama kuanzia mbele kwenda nyuma. Mpaka leo, mtu akiniuliza habari za nguruwe, akilini naiona ile nusu kwenye kulabu na ncha ya kisu ikipita juu yake.

Mguu wa mbele una sehemu mbili. Juu, panapokutana na shingo na mgongo, ndiko kwenye bega lenyewe: nyama yenye michirizi ya mafuta iliyopenya katikati, na tishu nyeupe ngumu zinazoshikilia misuli. Hiyo ndiyo "Boston butt" ya Wamarekani. Inasimuliwa kwamba zamani, huko New England, vipande visivyo vya thamani sana vilifungashwa kwenye mapipa, na pipa la aina hiyo liliitwa "butt". Jina la pipa likahamia kwenye nyama. Makalio hayahusiki hata kidogo. Chini ya bega, kushuka hadi kwenye goti, ndiko tunakokuita mkono. Wamarekani wanapaita "picnic". Waingereza wanapaita "hand", yaani mkono vilevile, na nilifurahi sana kulijua hilo, kwa sababu niliwahi kudhani majina yetu ya buchani ni ya kubahatisha tu, kumbe kuna watu wengine walimtazama mnyama yule yule wakaona mkono kama sisi.

Mangi alinieleza sababu ya nyama yangu kukauka kwa maneno machache: "Bega linabeba kichwa na kifua mchana kutwa. Limefungwa kwa kamba nyingi. Kamba hizo ukizipa muda zinayeyuka." Baadaye Shefu alinieleza jambo lile lile kwa lugha yake. Kamba hizo ni kolajeni, na kwa moto mdogo wa saa nyingi hugeuka jelatini, ambayo pamoja na mafuta ndiyo inayoifanya nyama iteleze mdomoni. Yeye hufikisha bega karibu nyuzi joto 90 ndani kabisa kabla ya kuligusa kwa uma. Paja halina akiba hiyo. Ni msuli mkubwa, mafuta yake mengi yako nje chini ya ngozi, na ukilipa saa kumi za oveni, maji yanatoka na hakuna cha kuyafidia. Paja ni zuri likikatwa vipande vya kukaanga, au likiokwa mara likaiva likatolewa, au likitiwa chumvi na kuhifadhiwa. Hemu ya Krismasi ni paja. Zile za Kiitaliano za Parma zinazokatwa nyembamba kama karatasi nazo ni paja, limekaa kwenye chumvi kisha likaning'inizwa miezi mingi.

Kosa la pili lilikuja kwenye tumbo.

Shefu aliandika kwamba anataka nyama ya tumboni kilo 6. Mimi nikampigia Mangi simu nikamwambia "tumbo, kilo 6". Aliyepokea simu alikuwa kijana wake. Nilipofika nilikuta ndoo imejaa utumbo, umeoshwa vizuri, umekunjwa, hata limao wameweka. Kijana hakukosea kitu, kwa kuwa hapa mjini ukisema tumbo mbele ya bucha, anayekusikia anawaza utumbo wa supu. Ile niliyoitaka ni nyama ya ubavuni chini, isiyo na mfupa, yenye tabaka: ngozi, mafuta, nyama, mafuta, nyama. Tangu siku hiyo nasema "ile ya tabaka, na ngozi yake", na sijawahi tena kupewa ndoo.

Tabaka hizo ndizo zinazozaa bekoni, na bekoni imetuletea manung'uniko mengi ya asubuhi kuliko chakula kingine chochote. Mgeni wa Uingereza anataka bekoni ya mgongoni: kipande kipana cha mviringo chenye nyama nyingi na mkia mdogo wa mafuta. Mgeni wa Marekani akisema bekoni ana maana ya ile ya tumboni, vipande virefu vyenye milia, vinavyokauka vikawa kama bisi. Sisi tulikuwa na aina moja tu. Kila wiki kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza anayerudisha sahani akisema amepewa mafuta matupu, na mhudumu hana la kumweleza. Nilipoelewa, nilimwomba Shefu tuwe tunaagiza zote mbili na kuziandika kwenye menyu kwa mahali zilipotoka: bekoni ya mgongo, bekoni ya tumbo. Sahani zikaacha kurudi. Waitaliano nao wana ya kwao ya tumboni iitwayo pancetta, na nyingine iitwayo guanciale inayotokana na shavu. Ukienda bucha la Kimara na kuomba shavu, utapewa kichwa kizima na bei nafuu, kwa sababu watu wa huku kichwa wanakiona cha supu tu. Nakipenda sana kipande hicho. Shavu la nguruwe likichemka kwa upole lina ulaini ambao hata sarara haiufikii.

Na hapa nifike kwenye sarara, maana ndipo watu wanapoibiwa bila kujua.

Sarara ni kipande chembamba kirefu kilicholala upande wa ndani, chini ya uti wa mgongo, jirani na figo. Msuli huo haufanyi kazi kubwa, ndiyo maana ni laini kuliko nyama yote ya mwilini. Nguruwe mmoja ana viwili tu, kimoja kila upande, na kila kimoja kina uzito wa nusu kilo hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Sasa piga hesabu. Muuzaji akikwambia amechinja nguruwe mmoja leo na anakuuzia kilo 4 za sarara kwa bei ya juu, kilo 3 kati ya hizo ni kitu kingine. Mara nyingi ni nyama ya mgongo, ule msuli mnene wa nje unaopita juu ya mbavu. Si nyama mbaya hata kidogo. Ndiyo inayotoa chopsi ikikatwa pamoja na mfupa, na ndiyo hiyo bekoni ya Waingereza. Lakini bei yake si ya sarara, na ukiipika muda mrefu ukidhani ni sarara au ukidhani ni bega, itakukausha koo. Neno "steki" ndilo linaloficha mambo haya yote. Mjini steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa. Nimeshauziwa steki ya paja, steki ya mgongo na steki ya bega kutoka sinia moja kwa bei moja, na zikaiva kila moja kwa wakati wake kwenye karai moja.

Hata chopsi si moja. Chopsi iliyokatwa mgongoni ina jicho moja kubwa la nyama na mfupa pembeni, inataka moto mkali na muda mfupi. Iliyokatwa begani ina misuli minne mitano imeshonwa kwa mafuta, inataka mchuzi na subira. Zitazame tu kabla hujalipa, utaziona zilivyo tofauti.

Mbavu ndizo zinazouzika kuliko zote kwenye majiko ya kitimoto kuanzia Sinza hadi Mbezi. Mtu anakaa, anaagiza kilo ya mbavu choma na ndizi za kuchoma, kachumbari, limao, pilipili pembeni. Nani atamuuliza mbavu zipi? Lakini zipo za aina mbili. Za juu, zilizoshikana na uti wa mgongo, ni fupi, zimepinda, na nyama yake ni ile ya mgongo iliyobaki baada ya msuli mkuu kutolewa. Wamarekani wanaziita "baby back", na wageni wengi pale hotelini waliniuliza kama ni za vitoto vya nguruwe. Sivyo. Neno hilo linataja ufupi wa mfupa, na nguruwe ni mkubwa kama wengine. Za chini, kuelekea kifuani, ni ndefu, zimenyooka, zina mafuta mengi na gegedu mwishoni. Hizo ni "spare ribs", na zikipunguzwa gegedu na mfupa wa kifua zikabaki mstatili safi huitwa za St. Louis. Uingereza jina hilo hilo la "spare rib" hupewa pia chopsi zinazokatwa karibu na shingo, kwa hiyo wapishi wawili wenye Kiingereza kizuri wanaweza wakasimama jikoni kwetu wakabishana na wote wakawa na haki. Nimelishuhudia hilo, na lilimalizika mmoja alipogusa mbavu zake na mwingine akagusa shingo yake.

Kwa kuchoma kwenye mkaa mimi nachagua za chini. Mafuta yake yanazilinda na moto wetu usiotulia.

Kuna mambo mawili Mangi hakuyataja kwa jina la kipande ila aliyatanguliza kila siku. La kwanza ni ulimi. Kabla hajapasua chochote, huuvuta ulimi wa nguruwe, akaupangusa kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba chini yake polepole huku akiuinamisha kwenye mwanga. Anatafuta vijipunje vyeupe kama mchele. Hivyo ni vifuko vya tegu wa nguruwe, na hupenda kukaa kwenye ulimi, moyo, mashavu, bega na paja. Muhuri wa mkaguzi wa mifugo kwenye ngozi upo, na yeye hachinji bila ukaguzi, lakini ulimi lazima auvute mwenyewe. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo haijaiva, hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai kwenye kinyesi, na mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga au maji, vifuko hujijenga mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na kumletea kifafa. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto maishani anaweza kuugua, kama anaishi mahali choo hakitumiki vizuri na nguruwe wanazurura. Nilipolielewa hilo nilinyamaza kwa muda mrefu. Nina ndugu mwenye kifafa, na kijijini kwetu nguruwe walikuwa wakizurura.

Shefu alikuwa na kipimajoto chake cha kuchoma kwenye nyama, na alipenda chopsi ibaki na uwaridi kidogo katikati. Kwao, mwaka 2011, Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi joto 71 hadi 63, nyama ikiachwa itulie dakika tatu. Ya kusaga ikabaki 71. Nilimheshimu, lakini nilimwambia wazi kwamba kwa nyama ya huku naomba isitoke jikoni ikiwa na uwaridi. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu nilimpeleka Kimara akaone ulimi unavyokaguliwa, na Mangi akamweleza kwa Kiswahili, mimi nikimfasiria, kwa nini anaukagua. Tangu hapo tulipika ikaiva.

Jambo la pili ni majirani. Dar es Salaam ni mji wetu sote. Bucha la kitimoto halikai pamoja na la ng'ombe, gogo na shoka lake ni vya kwake. Nilipoanza biashara yangu ya kupikia shughuli, nilikuwa nimepanga Magomeni, na mama mwenye nyumba aliniita kibarazani akaniambia, "Mwanangu, riziki yako siigusi. Ila vyombo vyangu visikutane na hivyo." Nikamjibu, "Havitakutana, mama." Nilinunua karai, visu na ubao wa kukatia, nikavifungia kwenye sanduku la bati, na kupika nikapikia Kimara, uani kwa Mangi. Miaka minne niliyokaa pale hatukuwahi kutofautiana. Hata majina tunayoitumia nyama hii, kitimoto, mdudu, mkuu wa meza, nayaona yana adabu ndani yake; mtu anaweza kuagiza mbele ya watu bila kumkwaza aliyeketi naye.

Siku hizi hakuna wa kuniandikia karatasi. Wateja hunipigia simu wakisema "kitimoto kilo 30", basi. Ukipeleka maneno hayo buchani hivyo hivyo, unapewa mchanganyiko: kidogo cha kila mahali, mfupa wa uti, ngozi, kipande cha shingo, vyote vimepigwa shoka saizi moja. Mchanganyiko una watu wake, na kwa kukaangwa mtaani unatosha. Kwa sherehe haufai, kwa kuwa sufuria moja itakuwa na nyama iliyoiva, iliyokauka na ambayo bado.

Juzi mama mmoja wa Tabata alinipigia kuhusu kipaimara cha mwanawe. Kilo 30. Nikamuuliza, ya kuchoma, ya rosti au supu? Akasema vyote vingefaa. Tukagawana hivi: kilo 10 za kuchoma, kilo 15 za rosti, na zinazobaki supu ya asubuhi kwa wageni watakaolala. Jioni nikampigia Mangi. Siku hizi sauti yake imepungua nguvu, lakini anauliza vilevile kama zamani.

"Mbavu zipi, mama? Za mgongoni au za kifuani?"

"Za kifuani, Mangi. Rosti nipe bega, la juu, lenye mfupa wake. Na makongoro manane ya supu."

"Mkono hutaki?"

"Utanipa mmoja, tuuchanganye kwenye supu."

"Njoo saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Ulimi nitauvuta ukiwa umesimama hapo."